Asubuhi Ile Ulikuwa Unafanya Nini?

Ndugu zangu mlio na wazazi, sikilizeni yaliyompata Bi Wadad, jirani yetu hapa mjini Zahle.

Alikuwa mjane aliyepindukia miaka themanini. Kila asubuhi alikaa barazani chini ya mzabibu na kahawa yake ya iliki, akiwatania wapita njia. Binti yake, Rindala, alimpitia akienda kufundisha. Asubuhi moja Rindala alikuta jikoni kumejaa moshi, kahawa imeungua, na mama yake yuko sakafuni, damu zinamtoka kichwani.

Jeraha lilikuwa dogo. Kubwa ulikuwa ugomvi.

"Aende nyumba ya uuguzi," alisema Ghassan, kaka yake Rindala. "Kuna wauguzi usiku na mchana. Akianguka tena, watu watanisema vipi?"

"Mama anatembea, kaka! Kuna yale makao ambako mzee ana chumba na ufunguo wake, anasaidiwa yanayomshinda tu."

"Umpeleke mama hotelini? Una akili wewe?"

Walibishana mbele ya mama yao bila kumuuliza neno. Ghassan ndiye mkubwa, neno lake likapita, mama akapelekwa uuguzini.

Wauguzi walikuwa wema, tena wasafi. Lakini walikuwa na haraka. Walimvisha, walimlisha, wakamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mtu aliyeingia kwa miguu yake. Majira ya baridi hayajaisha, Bi Wadad akawa hasimami bila kushika ukuta. Utani nao ukakauka.

Kilichomshangaza Rindala ni Bi Nazira, wa kitanda cha jirani. Huyo hata kujigeuza hawezi, lakini alikuwa amenawiri, kucheka hakumwishi. Nyumba moja, chakula kimoja, mbona mmoja anachanua na mwenzake ananyauka? Siku moja akashindwa kuvumilia, akamuuliza, huku akilalamika kwamba mama angefaa kupelekwa kwenye yale makao ya chumba na ufunguo.

"Mimi nimetoka huko unakokusifu," Bi Nazira akamjibu. "Wanangu waliona aibu kusema mama yuko uuguzini. Wakanitafutia chumba chenye mapazia ya kifalme. Msaidizi anakuja asubuhi, anarudi jioni. Mchana kutwa mimi na dari tunatazamana. Mgongo ukaota vidonda. Hapa wananigeuza, binti yangu. Kwangu hapa ni peponi. Sasa mama yako, hasa hasa, kinamshinda nini?"

Rindala hakuwahi kujiuliza hilo. Akamgeukia mama yake.

"Mama, asubuhi ile ulikuwa unafanya nini?"

Bi Wadad akamkazia macho. "Ndiyo unauliza leo? Nilimeza dawa ya presha. Nikasahau kama nimemeza, nikameza tena. Niliposimama kuepua kahawa, dunia ikazunguka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemea wapi? Mlikuwa mnang'akiana kama paka wa darini."

Kumbe kilichomshinda kilikuwa vidonge tu! Ghassan alipofika, Rindala akamketisha asikie mwenyewe. Akasikia, akainamisha kichwa.

"Basi mama, unataka kwenda wapi?" akamuuliza.

"Nyumbani peke yangu vidonge vitanichanganya tena. Nipelekeni nikaone hayo makao. Hata tikitimaji hulinunui bila kuligonga."

Wakamzungusha. Kila makao aliuliza: nani ananipa dawa? Nikiita usiku, nani anakuja? Nikishindwa kuinuka kabisa, mtanifanyaje? Wengi walimwonyesha bustani. Mama mmoja msimamizi alimjibu, "Ukifika hapo hatutakuweza, bibi. Utahitaji uuguzi, nasi tutakuambia mapema."

"Huyu hajanidanganya," alisema Bi Wadad. "Nitakaa hapa."

Huko ndiko anakoishi sasa, na utani umerudi. Miguu haikurudi yote. Anatembea kwa kushikilia fremu ya chuma, na Ghassan akimwona anavyojikokota kwenda kumfungulia mlango, humwambia, "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe zamani," humjibu. "Ingia, unaniingizia baridi."

FUNZO

Tusichague nyumba ya wazee kwa kuogopa maneno ya watu, wala kwa uzuri wa mapazia. Anayehitaji kusaidiwa kidogo, kumfanyia kila kitu ni kumlemaza. Anayehitaji muuguzi, kumnyima kwa sababu ya aibu ni kumtesa. Tujue kwanza kinachomshinda mzazi wetu. Na anayekijua kuliko sote ni yeye mwenyewe, basi tumuulize angali na uwezo wa kutujibu.