Kompyuta Mbili, Anwani Moja

Kila asubuhi nyumba ile ilikuwa na kelele mbili. Sebuleni mama alishona nguo kwa cherehani. Katika chumba cha pili baba alichapisha picha za wateja huku akipiga mluzi. Mluzi wenyewe, jamani, ulikuwa wa kuvumiliwa tu.

Leo cherehani ilikuwa kimya. Kesho binti yao alikuwa anaolewa, mji wa mbali. Gauni la harusi alilishona mama mwenyewe, akalituma kama kifurushi. Lilifika salama, ila lilibana ubavuni.

"Mama, shoga yangu ameshika mkasi," binti alisema kwenye kompyuta. "Anataka kukata hapa."

"Usimruhusu! Ndani ya mshono nime..."

Picha ikaganda. Binti akabaki mdomo wazi, bila sauti.

Mama akapiga meza. "Baba watoto! Umeumaliza mtandao wote!"

"Mimi? Si wewe na maongezi yako!"

Wakapayuka kwa pamoja. Hakuna aliyemsikia mwenzake.

"Hodi! Kuna nini humu?" Alikuwa jirani yao, dada fundi wa mitandao. Makelele yalikuwa yamemfikia.

"Mwanangu ataolewa na gauni lililokatwakatwa!" mama alisema. Alikuwa karibu kulia.

Fundi akatazama mipangilio ya kompyuta ya mama, kisha ya baba. Akatabasamu.

"Mzee, kompyuta hii mpya aliiandaa nani?"

"Mimi mwenyewe!" baba akajidai. "Ya mke wangu ilifanya kazi vizuri. Basi nikanakili namba zake zote. Sikukosea hata moja."

"Kosa ndilo hilo. Mama, gauni lilifikaje kwa binti?"

"Niliandika anwani. Likapita kituo hadi kituo."

"Dereva wa kwanza aliijua nyumba ya binti?"

"Wapi! Alijua kituo kinachofuata tu."

"Na picha ya binti husafiri hivyohivyo. Hugawanywa vipande vidogo, na kila kipande kina anwani. Njiani kuna ruta kama hii yenu yenye taa. Kila ruta husoma anwani na kukisukuma kipande kwenye ruta inayofuata. Sasa kinafika hapa, kinakuta kompyuta mbili zenye anwani moja. Ruta iipe ipi?"

Baba akajikuna kisogo. "Kumbe nikiwasha yangu, ya mama watoto inakatika."

"Umeona, bwana we!" mama akasema.

Fundi akazifuta zile namba kwenye kompyuta zote mbili. Akaziacha ziombe anwani kwa ruta. Ruta ikaipa kila moja anwani yake.

Picha ya binti ikarudi, lakini ikawa inasitasita.

"Bado tena?" mama akauliza.

"Mzee anatuma picha nyingi kwa wakati mmoja kwenye mashine yake ya kuchapisha. Waifai, mtandao usio na waya, hupita hewani, na hewa ni moja kwa wote. Kifaa husikiliza kwanza. Kukiwa kimya, ndipo kinaongea. Viwili vikiongea pamoja, ujumbe huvurugika. Basi kila kimoja husubiri kidogo, kisha hujaribu tena. Havipayuki kama nyinyi."

Wote wakacheka. Baba akaenda kusimamisha kazi yake.

"Mama! Unanisikia?"

"Nakusikia! Weka mkasi chini. Fumua mshono wa ubavuni. Nimeacha kitambaa ndani, vidole viwili kila upande. Hapo, hapohapo! Sasa ushone upya pembeni kabisa."

Binti akaondoka, akakawia. Mama hakubanduka kitini. Binti aliporudi alikuwa amelivaa gauni, nalo limemkaa sawasawa. Akazunguka mara moja. Mama akalia kwa furaha, wala hakujificha.

"Na baba yuko wapi?" binti akauliza. "Mbona kimya?"

Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti tangu aliporudi kutoka chumba cha pili. Hata mluzi hakupiga.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Nilikuwa namsubiri mama yako amalize."

Mama akafuta machozi, akainuka, akampisha kitini.