Papa Aliyemkimbia Ngisi

"Cheti chako nakizuia," Mwalimu alisema. "Mtu anayepagawa chini ya maji siwezi kumkabidhi wageni."

Nywele za binti zilikuwa bado zinachuruzika maji ya chumvi. Aligeuza shingo taratibu, akamtazama mchumba wake aliyekuwa anasuuza mapezi kwenye beseni.

Mchumba mwenyewe ndiye Papa. Jina hilo alipewa na wenzake pale chuo cha uzamiaji kwa majigambo yake, maana ukimsikiliza utadhani bahari kaichimba yeye. Leo Papa kainama, anasuuza pezi lililokwisha kutakata.

"Papa, si ndivyo ulivyoniambia? Kaona ngisi, kachanganyikiwa, ukapanda kutafuta msaada?"

"Ndivyo, Mwalimu."

Sauti ilimtoka nyembamba hata yeye mwenyewe akaichukia. Binti alivua saa ya kuzamia ya chuo, akaiweka mezani, akatoka.

Jamani, ulikuwa uongo mtupu. Walikuwa wawili kwenye mwamba, ngisi mmoja akaja kuchungulia mwanga wa tochi. Mkubwa? Hafiki hata urefu wa mkono wako. Alisimama mbele ya miwani ya Papa, akabadili rangi, na yule bingwa wetu akamchapa tochi. Ngisi naye akamwaga wino, akaenda zake. Papa, roho mkononi, alinyoosha kidole gumba juu, yaani tupande, akachapa mapezi bila hata kungoja jibu. Mzamiaji hapandi mpaka mwenzake arudishe ishara. Hilo wanafundishwa kabla hawajalowana. Binti alibaki ndani ya wino, hakuona ishara yoyote.

Alipoibuka, mtungi wake wa hewa ulikuwa karibu mtupu. Papa alikuwa kwenye boti keshatunga hadithi yake.

Jioni, Papa akiwa bado chuoni, simu ikaita mfukoni mwake. Alikuwa shangazi yake binti.

"Baba, shikamoo yako leo naitoa mimi," shangazi alisema, anacheka huku analia. "Nimesikia mwanetu alipagawa ukaenda kumtafutia msaada. Mwenyewe hasemi kitu, anafunga mabegi tu. Ile kazi ya kuongoza wageni baharini ndiyo alikuwa anaitegemea. Lakini uhai kwanza, eti?"

"Shangazi..."

"Usiseme neno. Tumepata mkwe."

Papa alikaa chini pale pale kwenye sakafu iliyolowa. Alitamani ardhi ipasuke. Alimpigia binti, hakupokea. Akapiga tena. Badala yake ukaingia ujumbe:

"Unajua kwa nini hewa ilikaribia kuniishia? Nilikuwa nakutafuta kwa kupapasa kwenye mwamba. Nilidhani umezimia."

Akaandika: "Kwa nini hukumwambia Mwalimu?"

Binti akajibu:

"Ningekukana mbele ya watu, ningekuwa nimekuacha huku juu kama ulivyoniacha kule chini. Nilikungoja wewe useme. Kesho narudisha nguo za kuzamia. Na pete."

Kesho yake wanafunzi wapya walikuwa wamejipanga kando ya bwawa. Mama mmoja mnene, mcheshi, aliinua mkono.

"Mwalimu, na hao ngisi? Mie naogopa. Ni hatari?"

"Muulize Papa. Yeye yamemkuta."

Wakati huo huo binti aliingia na begi lake. Papa alimwona. Angeweza kusema maneno mawili ya kujitapa, siku ikapita.

"Ngisi hana neno, mama," alisema. "Anakuja kukuangalia tu, ukimtisha anakimbia. Usimguse. Hatari ni kukurupuka kupanda juu mbio, mapafu yanaweza kuharibika. Na hatari nyingine ni kuwa chini na mtu kama mimi."

"Una maana gani?" Mwalimu aliuliza.

"Aliyepagawa ni mimi, Mwalimu. Nilimkimbia ngisi, nikamwacha mchumba wangu. Yeye nusura amalize hewa yake akinitafuta. Halafu nikamsingizia."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Yule mama alimtazama kama mtu anayemtazama mwanawe aliyeiba.

"Basi toka hapo mbele," Mwalimu alisema polepole. "Kaa na hao wapya, uanze upya. Wewe binti, weka begi chini. Saa yako iko mezani. Darasa la leo ni lako."

Papa alipiga simu kwanza, akamweleza shangazi yote. Shangazi hakutukana. Alikata tu, na hilo likamuuma kuliko tusi.

Alipoingia majini na wanaoanza, uso ulikuwa bado unamwaka. Binti alishuka mbele yake, akamtazama kupitia miwani, kidoleni hana pete. Akanyoosha kidole gumba juu.

Papa akarudisha ishara, akabaki palepale. Wenzake wote walipanda. Yeye alitulia sakafuni mwa bwawa, anamtazama binti, mpaka binti mwenyewe alipomshika mkono.

Juu, binti alivua miwani.

"Pete je?" Papa aliuliza, hata kumtazama hawezi.

"Iko kwenye begi. Nenda kwa shangazi kwanza, ukaseme uso kwa uso."

"Tutakwenda wote?"

Binti alifikiri kidogo.

"Nitakungoja mlangoni," akasema. "Mimi siondoki."