Andika Kilichoingia Mkononi

Kwa kazi ya mbao, fundi huyu hakuwa na mpinzani mtaani. Kitanda chake hakilii hata watoto wanne wakikirukia. Tatizo lilikuwa daftari. Mteja akija kupimiwa mlango tu, fundi alichomoa penseli sikioni na kuandika bei yote kwenye mapato. Mteja mwenyewe hajatoa hata senti!

Asubuhi moja mkewe alikuwa akipiga msasa meza.

"Mwezi huu tumeingiza elfu mia nne!" fundi akajisifu.

"Haya, toa elfu sitini. Kesho muuza mashine anafuata malipo ya mwisho ya mashine ya kuranda. Tukikosa, anaibeba."

Fundi akafungua droo. Elfu kumi na tano. Akapekua mpaka mifuko ya koti. Bila mashine ile, kazi ya siku moja ingechukua wiki. Aliogopa kweli.

Mkewe hakugomba. Alimwita jirani yao, muuza mayai. Mama huyu namvulia kofia. Aliishia darasa la nne, lakini hesabu zake zimenyooka. Hata yai lililopasuka akiliuza, ataliandika.

Alisoma daftari, akacheka.

"Shemeji, hizi ni ahadi. Ahadi hailipi deni."

"Sasa niandike nini?"

"Pesa ikifika mkononi, andika siku hiyohiyo: imeingia. Ukilipa, andika: imetoka. Mbao ulizokopa, usiandike imetoka mpaka ulipe."

"Na ninaowadai? Si nitawasahau?"

"Hao waandike kurasa za nyuma, pamoja na wanaokudai. Mtu akilipa nusu, nusu hiyo ndiyo unaileta mbele."

Walipanga upya daftari lote. Mapato ya kweli yalikuwa elfu tisini tu, na nyingi zilikwisha kutumika. Fundi aliona aibu. Lakini kurasa za nyuma zilionyesha watu watano waliokwisha kuchukua vitanda bila kumaliza kulipa. Mchana ule mume na mke waliwapitia wote, kwa adabu. Walipata elfu hamsini na mbili. Kila iliyoingia, mke aliiandika palepale mlangoni.

Kesho yake mashine ililipiwa. Daftari lilisema zimebaki elfu saba. Fundi alihesabu droo mara mbili. Elfu saba kamili! Alifurahi kuliko siku ile ya elfu mia nne.

Tangu hapo, kila jioni kabla ya kufunga karakana, walilinganisha daftari na droo. Baada ya miezi mitatu muuza mashine alirudi.

"Fundi, nina mashine ya kukatia. Chukua, utalipa kidogo kidogo."

Fundi alifungua daftari. Akasoma yaliyoingia, akasoma yaliyotoka, akajikuna kichwa.

"Daftari linasema bado."

Mkewe akaangua kicheko. "Miaka kumi nakwambia 'bado', baba watoto. Leo ndiyo umesikia!"