Moto wa Ghorofa ya Juu

Haya yalimpata rafiki yangu Marcellin, seremala wa Kasongo, zamani za Wabelgiji. Mzungu mmoja, mchoraji wa majumba, alimwagiza mfano wa mbao wa jumba la ghorofa kumi na mbili, la matajiri wa Léopoldville. Marcellin alichonga ngazi zote na majiko yote, kisha akaliziba paa kwa gundi.

Jirani yake, mama Waridi, akaja kutazama.

“Baba Marcellin, nyumba mupya hailali bila moto. Nikuletee kaa?”

“Hii iko mbao tu, mama. Mutu gani atalala humu?”

Waridi akaenda zake, giza likaingia. Tangu mkewe Léocadie afariki, Marcellin alikuwa hawashi hata jiko lake mwenyewe. Ndipo akasikia hatua ndogo, kama kucha kwenye ubao, zikipanda ngazi ndani ya jumba, ghorofa baada ya ghorofa. Juu kabisa zikakoma. Kisha mtu akawa anapuliza moto, akikohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa Léocadie.

Asubuhi alibandua paa. Katika jiko la juu kulikuwa na majivu, kiasi cha kujaza ukucha. Akayagusa.

Yalikuwa bado na joto.