Mtani Asiyejibu

Basi la Mkata halikuja. Stendi ya Korogwe ilikuwa imejaa, wauza machungwa wakikimbilia kila gari lililoingia, makuli wakitukanana, vumbi likipanda mpaka kwenye vikombe vya chai. Swaumu binti Mwinjuma alikuwa amekaa juu ya magunia yake mawili, moja la chumvi na sabuni, jingine la doti za khanga za duka la kijiji, akijifanya mtu asiye na wasiwasi hata kidogo.

Kujifanya huko alifundishwa na shangazi yake Mwaija, mwanamke aliyekuwa amezunguka na biashara ya kuku tangu enzi za Mwingereza. Swaumu alipochaguliwa kuuza duka la kijiji chao, Mazingara, mwaka ule vijiji vya ujamaa vilipokuwa bado vinanuka nyasi mbichi za kuezekea, shangazi alimkalisha chini.

"Safarini usivae cha kupendeza, vaa cha kukimbilia. Pesa usiweke mahali pamoja. Mwizi akipata pindo la khanga, asipate na sidiria. Kwenye basi kaa na mwanamke mwenye watoto, huyo hana nafasi ya kukufanyia ubaya. Usimwambie mtu unakokwenda. Na vyote vikikushinda, tafuta Mnyamwezi."

"Mnyamwezi wa nini, shangazi?"

"Mtani wako huyo, wewe Mzigua! Atakutukana mpaka ulie, lakini hawezi kukuacha njiani. Mtani hamtupi mtani."

Basi siku hiyo Swaumu alivaa gauni la kitenge lililopauka, khanga moja kiunoni, nyingine kichwani, na mdomo kaufunga. Jua lilikuwa limeanza kulala upande wa milimani ndipo pikapu ya Pijo iliposimama mbele yake. Akashuka bwana mmoja wa suti ya Kaunda na miwani myeusi, viatu vyake raizoni, kisigino kirefu kama kigoda.

"Dada, basi lako limekufa huko Mombo. Nami naelekea Mazingara hiyo hiyo. Panda, nikushushe mlangoni kwa mzee."

Swaumu akamkazia macho. Mazingara hakuitaja kwa mtu yeyote.

"Nani kakwambia nakwenda Mazingara?"

"Ah, uso wako tu unasema, mrembo." Na tayari alikuwa ameshika gunia la khanga, anavuta.

Swaumu akasimama. Akapaza sauti hadi makuli wakanyamaza. "Jamani! Stendi nzima hii hamna Mnyamwezi hata mmoja? Au wote wamekwenda kubeba mizigo?"

Watu wakaangua kicheko. Kutoka kwenye meza ya katambuga, vile viatu vya tairi, sauti ikajibu, "Tupo! Nani huyo ananuka mlenda?"

Akaja kijana mrefu, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, shati la maua lililofungwa fundo tumboni, kisu cha kukatia tairi mkononi. Alimtazama Swaumu, akautazama mkono wa yule bwana juu ya gunia, akaelewa bila kuambiwa.

"Ahaa! Huyu mke wangu! Nimemtafuta tangu Idi, kanikimbia na sufuria yangu. Kumbe bwana mkubwa ndiye uliyekuwa unamficha?"

"Mimi? Hapana, mimi simjui..."

"Humjui na gunia lake unalo? Jamani njooni mumwone anayeiba wake za watu!"

Watu walikuja kweli. Gunia likaachwa, Pijo ikaondoka hata mlango haujafungwa vizuri. Swaumu akalivuta gunia lake karibu.

"Unaitwa nani, mpagazi?" aliuliza, kuficha hofu.

"Shida."

"Lahaula! Nyumbani nimeombewa dua nisikutane na shida, halafu naiita mwenyewe kwa sauti."

"Wenzako huwa nawafikia bila kuitwa. Wewe una bahati." Kisha akaligeuza gunia. Ubavuni lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama sufuria: DUKA LA KIJIJI MAZINGARA. "Ona, mla bada ya muhogo. Wewe umefunga mdomo, gunia lako linapiga kelele."

Hakumpeleka chumbani kwake. Alibeba magunia yote mawili hadi kwa Mama Filomena, balozi wa nyumba kumi, mjane wa Kisambaa mwenye sauti ya kengele. Akasema kwa nguvu majirani wasikie, "Mama, mtani wangu huyu atalala kwako. Asubuhi nakuja kumpandisha basi." Kizingiti hakukivuka. Alishukuru, akaondoka, na hapo ndipo Swaumu alipomtazama vizuri, mgongo mpana ukipotea katikati ya watu.

Tangu hapo kila safari ya Korogwe ilipita kwenye meza ya katambuga. Magunia yalisafiri yamegeuzwa ndani nje. Shida alimsubiri na kahawa na kashata, na matusi.

"Umefika, uso wa kinu?"

"Nimefika, kichwa cha kubebea ndoo. Umeoga leo?"

"Nioge kwa ajili ya Mzigua? Maji yenyewe ya shida."

"Hata maji yako yana jina lako!"

Alimkatia katambuga zilizomkaa kama zimezaliwa na miguu yake. Alimsimulia habari za baba yake, aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge akafia kambini, na jinsi yeye mwenyewe alivyozaliwa Korogwe na hajawahi kufika popote, hata Segera. Swaumu alimcheka. Lakini kwenye basi, akiwa amebanwa kati ya mama na watoto wake, alijikuta anayarudia yale matusi moyoni kama mtu anayeimba.

Siku moja Shida aliweka kisu chini. "Swaumu, nataka nikuoe."

"Na mimi nataka nikuoe wewe, uje unipikie."

"Nasema kweli."

"Mnyamwezi na kweli walikutana lini?" Alicheka, machozi yakamtoka. Shida naye akacheka, ila alichelewa kidogo, na kule kuchelewa kulimsumbua Swaumu njia nzima hadi Mkata.

Tatizo ndilo hilo. Mtani humwita mtani mke wangu, mume wangu, kila siku ya Mungu, na hakuna anayeshitaki. Swaumu akimwamini Shida, kumbe ni utani, atachekwa wilaya mbili. Asipomwamini, kumbe ni kweli, atampoteza. Na muda haukuwa mwingi. Kibwana, mgane mwenye shamba zuri la muhogo, alikwisha kumposa kwa baba yake, na Mzee Mwinjuma alisema jibu litatoka mavuno yakiisha. Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani.

Swaumu alikuwa Mkata kufuata mafuta ya taa siku mshenga alipofika Mazingara. Aliporudi alikuta wanawake wanajishika mbavu.

"Umekosa sinema!" shangazi Mwaija alimpokea. "Mnyamwezi mzima, mzee wa watu, kaja kukuposa! Kashika na jembe jipya la posa."

"Mkamfanyaje?"

"Tumfanyeje mtani? Tumemvua kofia, tumempaka unga uso mzima, tumempa gunzi akampelekee bwana harusi. Alijaribu kusema, masikini, kila akisema tunacheka."

Swaumu akakaa chini pale pale uani. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, jipya, bado lina mafuta ya dukani. Hakuna mtu anayenunua jembe kwa ajili ya utani.

Alimwendea baba yake. Ilimgharimu, maana msichana kujisemea mambo ya ndoa ni kuvua nguo sokoni. "Baba, yule mzee hakuja kwa utani."

"Mwanangu, Mnyamwezi akisema kweli jua litatoka magharibi," Mzee Mwinjuma alisema, akaendelea kunoa panga lake.

Safari iliyofuata Swaumu alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya katambuga. Shida alikuwa anakata tairi. Hakunyanyua uso.

"Habari za safari, dada."

Dada! Angempiga kofi lingeuma kidogo kuliko hilo. "Shida, hunioni? Uso wa kinu nimekuja."

"Karibu, dada. Kahawa imekwisha, samahani." Akamfungia mteja mwingine viatu kwenye gazeti, taratibu, kwa adabu zote. Swaumu alitaka kueleza, lakini watu walijaa, basi likapiga honi, akapanda analia mbele ya mama wa watu na watoto wake wote.

Alivumilia kwa siku chache tu. Ofisi ya ushirika wa pamba Mkata ilikuwa na simu, na bohari la Korogwe alikochukulia bidhaa lilikuwa na nyingine, jirani kabisa na meza ya katambuga. Karani Mdoe alizungusha mpini, akapiga kelele fundi wa katambuga aitwe, akasubiri, akapiga kelele tena, hatimaye akampa mkono wa simu. Wakulima waliokuwa kwenye foleni ya pamba wakasogea.

"Haloo! Shida?"

"Ndiyo, dada. Nakusikia."

"Usiniite dada! Nitukane!"

"Unasemaje?"

"NITUKANE! Niite mla bada, niite chochote!"

Foleni nzima ya pamba ikageuka. Mdoe akajifanya anatafuta kalamu.

Waya ukakwaruza. Kisha Shida akasema polepole, "Nilimtuma mzee aliyenilea baada ya baba, kwa heshima. Mmemrudisha na unga usoni na gunzi mkononi. Kama hamnitaki, mngesema. Utani siwezi hata kuukasirikia."

"Sikuwepo, Shida! Nao hawakujua. Walidhani ni utani, kama mimi nilivyodhani siku ile. Mimi nakutaka. Umesikia? Nakutaka!"

"Simu inakatakata. Sema tena."

"Umesikia, mwongo wewe!"

Akamsikia anacheka, kicheko chake kile cha zamani, na foleni ya pamba ikashangilia.

"Basi sikiliza," Swaumu alisema, akigeukia ukuta. "Njoo mwenyewe. Watakutukana, usijibu. Hata neno moja. Mtani asiyejibu, ndipo watajua."

"Nisijibu? Wazigua wanitukane ninyamaze?"

"Ndiyo mahari yangu hiyo."

"Afadhali ungetaka ng'ombe."

"Na hujawahi kusafiri, kwa hiyo nisikie vizuri. Panda basi la asubuhi, usingoje la mchana. Usile cha mtu. Ukishuka Mkata, njoo kwa karani Mdoe, atakukabidhi kwa watu wanaokuja Mazingara. Porini usipite peke yako."

"Mimi mwanamume, Swaumu."

"Simba hakuulizi. Na mfukoni una nini, usimwambie mtu."

"Nina jina lako tu, mpenzi."

"Hilo pia ufiche."

Alifika Ijumaa, baada ya sala, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, katambuga mpya miguuni. Habari zilimtangulia. Uani kwa Mzee Mwinjuma wanawake walikuwa wamejipanga kama wanaongoja ngoma, na shangazi Mwaija mbele.

"Karibu, mpagazi! Umekuja kufuata gunzi la pili?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," Mwaija alijibu kwa mazoea, kisha akashtuka kuwa amejibu. Akamnyang'anya kofia. Shida akabaki kichwa wazi, macho chini. Mwingine akammwagia maji kwenye kanzu. Mwingine akaburuta gunia la mahindi mapya. "Kichwa hicho cha kazi gani? Beba!" Shida akalitwika, akalipeleka ghalani, akarudi, akakaa kwenye mkeka.

Nyuma ya mlango Swaumu aliuona mshipa wa shingo ya Shida umetuna. Alimjua. Majibu yalikuwa yamempanda mpaka kooni, mazuri, ya kuwaangusha wote. Akaomba ayameze.

Kicheko kikapungua. Kikabaki cha mtu mmoja, naye akaona aibu akaacha. Shangazi Mwaija akaikung'uta ile kofia, akamvalisha mwenyewe.

Mzee Mwinjuma akasogeza kigoda. "Kijana, umekuja kwa utani au kwa haja?"

"Kwa haja, baba. Hata mzee wangu alikuja kwa haja."

Wanawake wakatazamana. Mwanamke mmoja akaitazama mikono yake, kama bado ina unga.

"Kibwana sijampa neno," mzee alisema taratibu. "Nitakwenda kwake mwenyewe, nimweleze kiume. Mzee wako mwambie arudi. Safari hii mimi ndiye nitakayempokea njiani, na atakayegusa kofia yake atanijua. Mwaija, kamuulize binti."

"Sina haja ya kumuuliza," shangazi alisema. "Mlango unatetemeka." Kisha akashindwa kujizuia. "Lakini kaka, umefikiri? Swaumu kuolewa na Shida! Saumu na shida, mjukuu wako si ataitwa Njaa?"

Wote wakamgeukia Shida. Yeye akamtazama mzee, midomo kaibana kama mtoto aliyejaza maji mdomoni.

"Mjibu," Mzee Mwinjuma alisema. "Umeshapewa."

"Ataitwa Futari, shangazi."