Pengo la Saa Tatu Asubuhi

Haki ya nani, haya ni ya kweli tupu. Sikutia hata punje ya chumvi.

Likizo ile, binti wa miaka kumi na miwili alikuwa akifungua kituo cha kupimia hali ya hewa badala ya baba yake, aliyelala nyumbani miguu imekufa ganzi. Kazi ilikuwa ndogo. Saa tatu kamili kompyuta ipokee kipimo cha mvua kutoka uani, kisha kopo lililokinga mvua lijimwage lenyewe. Kwa miaka ishirini na sita baba hakukosa hata siku moja.

Asubuhi moja binti alitaka kumfurahisha: amtafutie mvua kubwa kuliko zote alizowahi kupima. Mjomba wake, mtunga programu katika ofisi kubwa, alikuwa amemfundisha: "Omba mistari yote ya vipimo, mama. Hifadhidata, lile ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta, itakugawia kidogo kidogo."

Ofisini kwao ndivyo ilivyokuwa. Hifadhidata yao iligawa kwa upawa, ukimaliza, inakuongezea. Hii ya baba ilikuwa ya aina nyingine, ilimimina sufuria nzima kabla hujaonja. Mamilioni ya mistari, pamoja na ya joto na upepo wa kila dakika, yakaja kwa mkupuo, kompyuta ikaelemewa, ikaganda. Saa tatu ikapita. Uani, kopo likajimwaga.

Mjomba, aliyepigiwa simu, alifika akihema. "Kosa langu. Nilizoea ya kwetu nikadhani zote ni baba mmoja mama mmoja. Kuanzia leo tunaomba elfu moja moja."

"Na mvua ya leo?"

"Andika milimita nne. Nani atajua?"

"Mimi."

Nyumbani, baba aliuliza kama kawaida, "Mvua ngapi leo?"

"Sijui, baba. Niligandisha kompyuta. Mjomba kasema niandike nne."

"Ukaandika?"

"Sikuandika."

"Basi acha wazi. Pengo huonekana, mtu akalikwepa. Nambari ya uongo hukaa katikati ya za kweli imevaa suti, na kila anayehesabu baadaye hupotea nayo. Na chombo usichokijua, kiulize kwanza kinagawaje. Mazoea yana taabu."

Kisha akatabasamu, akamshika mkono.

"Babu," mjukuu wangu kanikatiza hapa, anasoma begani kwangu, "mama anasema hukutabasamu. Uligeukia ukutani ukalia mpaka jioni."

Haya. Nililia. Na kwetu anayekamatwa na uongo huosha vyombo. Ngoja nikunje mikono ya shati.