Jumapili ya Kujitambulisha

Belo la viatu vya mtumba likifunguliwa pale soko la Mchikichini, usisogee kama huna viwiko. Hyasinta alikuwa navyo. Katoka kazini asubuhi ile, gauni la kitenge la kijani limemkaa kiunoni, nywele kasuka mabutu manene. Akajipenyeza mpaka mbele, akadaka raba nyeupe, mguu mmoja. Mguu wa pili kaushika muuzaji mwenyewe, kijana mrefu wa Rombo, meno meupe, jeuri tele.

"Dada, niachie hicho, nimemwekea mteja."

"Mteja si ndiye mimi?"

"Basi chukua na mwenye kiatu."

"Mwenye kiatu ana mdomo. Nipe kiatu tu."

Wauzaji wakaangua kicheko. Kijana, Kasmir jina lake, akampa kiatu, akampa na namba ya simu ambayo hakuombwa. Na Hyasinta, nesi wa chumba cha mahututi, mwanamke ambaye madaktari wenyewe wanamwogopa, akajikuta anaipiga kabla jua halijazama.

Wakapendana, tena kwa kelele. "Umekula, mpenzi?" "Bado, nakusubiri unilishe." "Una mikono." "Imechoka, mama." Simu nzima ndiyo hiyo. Mwisho mama yake Hyasinta, kule Buguruni, akasema inatosha, huyo Mchaga aje ajitambulishe. Ikapangwa Jumapili baada ya misa, na wajomba wakapanda basi kutoka Songea.

Wiki hiyo hiyo Kasmir akajikata. Mchikichini mwenye belo hukata utepe wa chuma mwenyewe, mbele za wateja, waone kwamba halijachokonolewa. Watu wakamsukuma, utepe ukafyatuka, ukamchana vidole vya mkono wa kushoto. Akafanya wanachofanya wengi pale: akapasua vidonge vya antibaotiki vya rangi mbili, akamwagia unga wake kwenye kidonda, akafunga kitambaa, akaendelea kunadi.

"Si umwambie mchumba wako? Nesi yule," alisema Augustino, jirani yake wa meza.

"Thubutu! Ataniburuta hospitali, halafu anifungie na meza. Jumapili ikipita nitamwambia."

Jumapili ikafika. Pilau likaiva, wajomba wakavaa makoti, Hyasinta akatoka na gauni la zambarau lililomfanya mama yake apige kigelegele peke yake jikoni. Kasmir haonekani. Saa zikaenda. Hyasinta akazunguka nyuma ya nyumba, akapiga simu.

Ikapokelewa. Kwanza zikaja pumzi tu, za haraka haraka.

"Kasmir? Uko wapi?"

"Candida..."

"Nani?"

"Candida, njoo unifunike. Usiondoke."

Na pumzi zikaendelea sikioni mwake. Jamani, ungekuwa wewe ungewaza nini? Hyasinta aliwaza hicho hicho.

"Mpuuzi mkubwa! Wajomba zangu wako sebuleni, wewe uko kitandani na Candida?"

Akakata, akamfungia namba, akanawa uso, akarudi ndani kusema mgeni amepata dharura. Mjomba mkubwa akajipakulia pilau.

Jumatatu aliingia kazini macho yamevimba. Alikuwa anampima mgonjwa presha, Daktari Violeth anaongea na simu ya mapokezi. "Anapumua mbio? Anaropoka, anaita watu wasiokuwepo? Mleteni sasa hivi. Hiyo sumu ishaingia kwenye damu."

Hyasinta akaacha kupima. Pumzi za namna hiyo anazisikia kila siku ya Mungu. Jana amezisikia kwenye simu yake mwenyewe, akazitukana.

Akampigia Kasmir, hapatikani. Akaomba ruhusa, akarukia bodaboda mpaka Mchikichini.

"Shemeji, amelala geto, chumbani kwake," Augustino akamwambia. "Malaria. Anakunywa dawa."

"Candida ni nani?"

"Dada yake wa Rombo, ndiye kamlea. Na mkono je, hajakwambia?"

"Mkono gani?"

Akaambiwa. Hakuaga.

Alimkuta sakafuni kwenye godoro, jasho linamtiririka, miguu imekuwa ya baridi. Mkono wa kushoto umevimba mpaka kiwiko, vidole viwili vimekuwa vyeusi.

"Kasmir, umekojoa lini?"

Si swali la mapenzi hilo, najua. Ila sijasikia lililoulizwa kwa mapenzi kuliko hilo. Kasmir alimtazama kama hamjui.

Bajaji ikawafikisha hospitali. Mlangoni pa chumba cha mahututi Daktari Violeth akamzuia. "Leo wewe ni ndugu wa mgonjwa. Kaa nje."

Alipotoka tena alimweleza wazi. "Kidonda kimeoza. Mwili unapigana na vijidudu mpaka unajiumiza wenyewe. Presha imeshuka, figo zinagoma. Tumemwekea maji, oksijeni na antibaotiki kali. Vidole viwili lazima viondoke, leo."

Hyasinta akaomba namba kwa Augustino, akampigia Candida.

"Wifi," sauti ya Rombo ilitetemeka, "waambie wakate. Mimi namtaka hai."

Hyasinta akaketi kwenye benchi ambalo kila siku huwaambia ndugu wa wagonjwa wakalie na kusubiri. Akaficha uso kwenye kanga akalia. "Mungu wangu, mimi nilimkatia simu. Wewe usimkatie."

Zikapita siku mbaya, kisha moja nzuri. Figo zikakubali, barakoa ya oksijeni ikatolewa, Kasmir akafumbua macho mchana kweupe na kumkuta pembeni.

"Hyasi. Nisamehe, nilikuficha."

"Nisamehe wewe, nilikutukana."

"Ulinitukana? Sikumbuki."

"Basi sikukutukana."

Akacheka kidogo, kikohozi kikamkamata. Akautazama mkono wenye bandeji, machozi yakamtoka.

"Wamechukua kidole cha pete."

"Una mkono mwingine." Akaushika ule wa kulia, akaubusu. "Ila ukijikata tena ukanificha, vilivyobaki navikata mwenyewe."

"Na wajomba? Wamerudi Songea wananilaani?"

"Wako mlangoni na chupa ya uji. Wamegoma kuondoka mpaka wakuone."

Kasmir alijaribu kuketi, akashindwa. Akageuza shingo kwenye mto kuwaelekea wazee wale wawili wenye makoti, akakusanya sauti yote aliyokuwa nayo.

"Shikamooni wajomba. Naitwa Kasmir. Nimekuja kuomba mke."